SOMO LA VIKUNDI: Wakigombania Uongozi wa Kanisa, Kikundi Kifanye Nini?





Somo la safari hii si la ng'ombe wa maziwa wala la mbolea. Ni juu ya ugomvi. Katika ziara zetu tumesikia maneno haya mara nyingi: "Fulani ni wa zamani, anataka kuturudisha kwa Kilatini." "Fulani ni wa kisasa, anataka kuharibu Kanisa." Mwanzoni watu hucheka tu. Baadaye hawakai tena benchi moja kanisani. Mwishowe hata mchango wa tangi la maji haukusanywi, kwa sababu mweka hazina yuko upande ule na mwenyekiti yuko upande huu. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Nyasi hapa ni kikundi chenu.

Lengo la somo: kila mwanakikundi aweze kupambanua ugomvi wa kanisani ni wa jambo gani hasa, na kikundi kijue jinsi ya kulinda kazi yake.

Muda: mikutano miwili. Someni sehemu ya 1 hadi ya 3 katika mkutano wa kwanza, na zilizobaki katika mkutano wa pili.

1. TUANGALIE: IGIZO FUPI

(Igizo hili tumelitunga wenyewe, si la parokia yoyote. Wachaguliwe watu watatu waliigize mbele ya wengine. Yuko mzee wa kigango, kijana, na mama aliye mweka hazina wa kikundi.)

MZEE: Siku zetu padre akisema, imekwisha. Tulipiga magoti na tukanyamaza. Siku hizi kila mtu ni askofu!

KIJANA: Kuka, heshima yako ninayo. Lakini pesa ya paa ilikusanywa tangu mwaka juzi na paa hatulioni. Nikiuliza, naambiwa mimi ni wa kisasa.

MZEE: Unaona? Hayo ndiyo maneno ya watu wa mageuzi. Leo unauliza paa, kesho utataka padre aoe!

KIJANA: Na wewe ukiulizwa juu ya paa unajibu juu ya Kilatini!

MAMA: Jamani, mimi nimekuja kwa ajili ya mabomba. Fundi anangoja. Tunapitisha ile pesa ama hatupitishi?

(Wote wawili wanaondoka kwa hasira. Mama anabaki peke yake na daftari.)

Baada ya igizo, ulizaneni: Kijana aliuliza nini? Alijibiwa nini? Mama alienda nyumbani na jibu gani?

Tumegundua kwamba vikundi vingi vinaona jambo lile lile upesi: swali la paa halikujibiwa kabisa. Lilifunikwa na majina mawili, "zamani" na "kisasa". Sasa tuangalie majina haya yametoka wapi.

2. MAJINA HAYA YALITOKA WAPI?

Wazee wetu wanakumbuka Misa ya Kilatini, padre akitazama altare na waumini wakisali rozari zao. Kisha ukaja Mtaguso wa Pili wa Vatikani, 1962 hadi 1965. Mnamo Desemba 1963 maaskofu wa Mtaguso waliruhusu lugha za watu zitumike zaidi katika ibada. Hawakukifuta Kilatini, lakini Misa mpya ilipotoka mwaka 1969 lugha za nyumbani zikashika kila mahali. Ngoma na kayamba nazo zikaingia.

Si kila mtu alifurahi. Askofu Mkuu Marcel Lefebvre, Mfaransa aliyewahi kuwa Askofu Mkuu wa Dakar huko Senegal, alianzisha Shirika la Mtakatifu Pius wa 10 mwaka 1970 ili kushikilia mambo kama yalivyokuwa. Mwaka 1988 aliwaweka wakfu maaskofu wanne bila ruhusa ya Papa, na Roma ikatangaza kwamba yeye na hao wanne wametengwa na Kanisa. Wale wanne waliondolewa adhabu hiyo mwaka 2009. Mwaka 2007 Papa Benedikto wa 16 aliwapa nafasi zaidi wanaopenda Misa ya zamani, na mwaka 2021 Papa Fransisko akaipunguza nafasi hiyo na kuiweka mikononi mwa askofu wa kila jimbo. Kwa hiyo hata huko Roma jambo hili limevutana kwa miaka mingi.

Upande wa pili nao una watu wake. Askofu Mkuu Emmanuel Milingo wa Lusaka, Zambia, aliyejulikana kwa kuombea wagonjwa, aliacha kiti chake cha Lusaka mwaka 1983. Alifunga ndoa mwaka 2001, na mwaka 2006 akaanzisha chama cha mapadre waliooa. Naye akaweka maaskofu wanne bila ruhusa, akatengwa. Ebu angalieni: mmoja alitaka mambo ya zamani, mwingine alitaka mapya, na wote wawili walifika mahali pale pale kwa njia ile ile.

Na kwetu je? Miaka ile ile Mtaguso ulipokuwa ukiendelea Roma, kule Nyanza kulianza kundi la Legio Maria, mnamo 1962 na 1963, likiongozwa na Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko. (Tusichanganye na Lejio ya Maria, kikundi cha sala kilicho ndani ya parokia zetu. Hicho kilianzishwa Dublin mwaka 1921, na mwanamke Mwairishi Edel Quinn alikuja kukieneza Afrika Mashariki mwaka 1936.) Legio Maria walitoka katika Kanisa Katoliki, wakawa na maaskofu wao na hata papa wao. Sasa jiulizeni, hao ni wa zamani au wa kisasa? Walibaki na Kilatini katika Misa wakati sisi tunakiacha. Hayo ni ya zamani. Lakini mwanzoni mwanamke alikuwa mstari wa mbele, waliooa wake wengi walipokelewa, na uongozi wote ulikuwa wa Waafrika. Hayo watu waliyaita mapya. Jina moja haliwatoshi.

Tuchukue pia mtoto wa Bungoma, Kardinali Maurice Otunga, aliyezaliwa Chebukwa mwaka 1923 na kuwa kardinali wa kwanza wa Kenya mwaka 1973. Alikuwa askofu wakati wa Mtaguso ulioleta Misa ya Kiswahili. Katika miaka ya 1990 alipinga hadharani matumizi ya kondomu, hata wengine wakamwita mtu wa zamani mno. Lakini miaka hiyo hiyo maaskofu wa Kenya, naye akiwa mmoja wao, waliandika barua za kichungaji kudai haki na kulaani mapigano ya kikabila, yale ambayo watu wa Trans Nzoia na Mlima Elgon waliyaonja. Serikali ya siku hizo haikumwona kama mzee wa kunyamaza.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Desemba 2023. Roma ilitoa waraka ulioruhusu baraka fulani kwa watu wawili wa jinsia moja wanaoishi pamoja. Januari 2024 Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa alitangaza kwa niaba ya maaskofu wa Afrika kwamba baraka hizo hazitatolewa huku. Magazeti ya Ulaya yakasema Waafrika ni wa zamani. Lakini Kanisa hilo la Kongo ndilo lililokubaliwa na Roma mwaka 1988 kutumia utaratibu wake wa Misa, wenye ngoma na kucheza na kuwataja mababu. Mpenda Kilatini wa Ufaransa akiingia Misa ile atasema hao ni wa kisasa kabisa!

Kwa hiyo majina haya mawili yanatuchanganya kuliko yanavyotusaidia. Tunahitaji kifaa kingine.

3. VIKAPU VITATU

Mama anapotoka shambani hachanganyi mahindi, maharagwe na mboga katika kikapu kimoja. Nasi tufanye hivyo. Kila jambo linalozusha ugomvi tuliulize: wewe ni wa kikapu gani?

Kikapu cha kwanza: IMANI. Haya ni yale tunayokiri katika Kanuni ya Imani, na mafundisho ambayo Kanisa linasema halina uwezo wa kuyabadili. Mfano ni upadre kwa wanawake. Papa Yohane Paulo wa 2 alitangaza mwaka 1994 kwamba Kanisa halina mamlaka ya kuwapa wanawake upadre. Mtu anaweza kuuliza ili aelewe. Lakini hakuna mkutano wa parokia unaopiga kura juu ya jambo hilo.

Kikapu cha pili: SHERIA NA UTARATIBU. Haya yamewekwa na viongozi wa Kanisa, na viongozi hao wanaweza kuyabadili. Wengi hushangaa kusikia kwamba sheria ya mapadre wetu kutooa iko katika kikapu hiki. Makanisa ya Mashariki yaliyo chini ya Papa huyu huyu yanao mapadre wenye wake. Lakini kusema inaweza kubadilika si kusema mimi naweza kuibadili kijijini kwangu. Mfano mwingine: tangu Januari 2021 wanawake wanaweza kupewa rasmi huduma ya usomaji na ya altare. Anayemwambia mama asisome kwa sababu ni mwanamke ndiye aliyeachwa nyuma na sheria.

Kikapu cha tatu: DESTURI. Hapa kuna nyimbo, vitenge vya kwaya, ngoma, nani akae benchi la mbele, Misa ianze saa ngapi. Haya tunaweza kukubaliana wenyewe pamoja na paroko wetu. Anayependa kupokea Komunyo kwa ulimi asichekwe, ni haki yake. Anayepokea mkononi pale maaskofu waliporuhusu asihukumiwe.

Sasa rudini kwenye igizo. Pesa ya paa iko kikapu gani? Si imani. Si desturi. Ni sheria, na sheria yenyewe tayari ipo. Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinasema hivi kwa maneno yetu:

(a) Waumini wana haki, na mara nyingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji wao maoni yao juu ya mema ya Kanisa, kwa heshima (kanuni 212).

(b) Kila parokia lazima iwe na kamati ya fedha (kanuni 537). Baraza la parokia nalo huwekwa pale askofu anapoona linafaa. Baraza hilo linashauri, halitawali (kanuni 536).

(c) Pesa iliyotolewa kwa kazi fulani itumike kwa kazi hiyo tu (kanuni 1267). Ya paa ni ya paa.

(d) Wanaosimamia mali ya Kanisa wawape waumini hesabu ya walichotoa (kanuni 1287).

Kumbe kijana hakuwa anadai mageuzi yoyote. Alikuwa anadai sheria ifuatwe! Na mzee angekuwa mtu wa kushika sheria za Kanisa kweli, angemuunga mkono. Lakini kijana naye ajue mpaka: baraza linashauri tu, na paroko hakuajiriwa na kigango.

Hapa ndipo tunapotaka kila kikundi kisimame na kufikiri. Anayeficha daftari anaweza kujificha nyuma ya neno "mila". Anayetamani cheo anaweza kujificha nyuma ya neno "mageuzi". Usiulize kwanza mtu ni wa upande gani. Uliza daftari liko wapi.

4. TUPIME KWA NENO LA MUNGU NA KWA MAMBO YALIYOTOKEA

Fungueni Matendo ya Mitume sura ya 6, msome mstari wa 1 hadi wa 7. Wajane wa upande mmoja walikuwa wakisahauliwa wakati wa kugawa chakula. Manung'uniko yakazuka. Mitume hawakuwaita wanaolalamika waasi, wala hawakuacha kazi yao ya kuhubiri. Waliita mkutano, wakasema jumuiya ichague watu saba wenye sifa njema, kisha wao wakawawekea mikono. Na majina yote saba ni ya Kigiriki, yaani inaonekana walitoka upande ule uliolalamika! Watu walichagua, mitume wakathibitisha, wajane wakala.

Maaskofu wa Afrika Mashariki walifuata njia hiyo walipoamua katika mikutano ya Nairobi ya 1973 na 1976 kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo. Na Sinodi iliyokutana Roma Oktoba 2023 na Oktoba 2024, ambamo wanawake walipiga kura kwa mara ya kwanza, ilisisitiza tena mabaraza na uwazi wa hesabu. Wapo waliosema Sinodi ilikwenda mbali mno, na wapo waliosema haikufika. Lakini juu ya daftari kuwa wazi, tungetegemea pande zote mbili zipatane.

Sasa tuone mfano wa Nigeria. Desemba 2012 Papa Benedikto alimteua Peter Okpaleke awe askofu wa Ahiara. Mapadre na waumini wengi wa huko walimkataa kwa sababu si mtoto wa eneo lao. Aliwekwa wakfu mwaka 2013 nje ya jimbo lake. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliwataka mapadre wote wa jimbo waandike barua za kuomba msamaha. Februari 2018 Askofu Okpaleke alijiuzulu bila kuingia kazini. Miaka 5 ilipita hivyo. Mwaka 2022 mtu huyo huyo alifanywa kardinali.

Huko hapakuwa na Kilatini wala ngoma. Neno lilikuwa "huyu si wetu". Sisi wa Kitale na Bungoma tunaoishi Wabukusu, Wateso, Wasabaoti, Wapokot, Waturkana na wengine wengi tusijifanye hatulijui neno hilo. Mwaka 2022 majimbo yetu yote mawili yalipata maaskofu wapya. Askofu huteuliwa na Papa baada ya watu kuulizwa kwa siri, wakiwemo walei (kanuni 377). Ukiulizwa, sema ukweli wako wote. Usipoulizwa, mpokee aliyekuja.

5. KIKUNDI KIFANYE NINI?

Haya sita yaandikwe ukutani au katika daftari la mkutano.

Moja: Kikundi kiwe na katiba yake, usajili wake, daftari lake na akaunti yake benki. Kenya ina Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, ulizeni ofisi ya maendeleo ya jamii iliyo karibu. Pesa ya kikundi isilale kabisa pamoja na sadaka.

Mbili: Kabla ya kumwaga saruji, ulizeni ardhi ni ya nani. Kiwanja cha kanisa kwa kawaida huandikwa kwa jina la wadhamini wa jimbo, si la kigango. Mkijenga tangi au kuweka mashine ya kusaga hapo, pateni mapatano ya maandishi. Paroko anaweza kuhamishwa kesho, na neno la mdomo likahama naye.

Tatu: Mtu mwenye vyeo viwili aseme leo amevaa kofia gani. Mwenyekiti wa kikundi akiwa pia mwenyekiti wa kigango, ugomvi wa kigango usiwe ajenda ya kikundi.

Nne: Malalamiko yafuate ngazi. Kwanza mmoja amwone mhusika peke yake, kisha wawili au watatu, kwa upole, kama Mathayo sura ya 18 inavyofundisha. Kisha baraza la parokia. Kisha dekano. Kisha barua kwa Baba Askofu, yenye tarehe, jambo lenyewe na majina ya waandishi. Barua isiyo na jina haina miguu. Msifunge lango la kanisa kwa kufuli, na msianzie redioni.

Tano: Andikeni jambo, msiandike tabia. "Paroko ni dikteta" haijibiki. "Tulichanga pesa ya paa tangu mwezi fulani, tunaomba kuona hesabu" inajibika.

Sita: Wanakikundi wasio Wakatoliki wasivutwe kushika upande. Walikuja kwa ajili ya maji na akiba. Wakiondoka kwa sababu ya ugomvi wetu, tumewaonyesha Kristo gani?

6. MASWALI YA KUJADILI

(Gawanyikeni watu watano watano. Kila kundi dogo liwe na wazee na vijana.)

1. Tajeni mambo matano yanayozusha ugomvi katika parokia zenu. Kila moja litieni katika kikapu chake. Yapi mlishindwa kukubaliana?

2. Je, kamati ya fedha ya parokia ipo? Hesabu zilisomwa lini mara ya mwisho? Na hesabu za kikundi chetu wenyewe zilisomwa lini?

3. Ni mambo gani ya zamani mnayotamani vijana wayajue? Vijana, ni jambo gani jipya mnaloomba wazee walijaribu?

4. Katika igizo, Mama angesema nini ili mkutano usivunjike?

KAZI YA KUFANYA: Kabla ya mkutano ujao, mweka hazina aandike katika karatasi moja kubwa pesa iliyoingia, iliyotoka na iliyobaki mwaka huu, abandike mahali pa mkutano. Tukidai daftari la parokia huku letu limefungwa sandukuni, hatutasikilizwa, na ni haki yetu kutosikilizwa.

Tuleteeni majibu ya swali la kwanza kupitia kwa mhamasishaji wenu wa parokia. Yale mambo ambayo vikundi vingi vitashindwa kuyatia kikapuni, tutayachukua katika somo lijalo.

Mungu awabariki katika kazi zenu.